Farasi wa madoa anasita giza likiingia: ni macho ya kurithi?

Mpanda_Nyali
Wadau, salaam. Kuna dume la Appaloosa, mbegu ya farasi wa madoa, anauzwa, mweupe karibu mwili mzima, madoa ya kuhesabu. Mchana ufuoni hana neno. Magharibi ikishaingia anainua kichwa, anasita, anagonga mlango wa banda. Inatibika? Na watoto watarithi?

Banda_Kisauni
Rangi yake tayari inakwambia kitu. Madoa ya Appaloosa huletwa na LP, yaani hitilafu kwenye jeni iitwayo TRPM1. Akiwa na nakala mbili (LP/LP), weupe mara nyingi hutanda hivyo na usiku haoni tangu kuzaliwa. Retina, utando wa nyuma ya jicho, hupokea mwanga hafifu vizuri, ila ujumbe hauvuki kwenda chembe inayofuata, ndiyo maana ukimulika jicho huoni kasoro. Dawa hakuna, lakini haizidi kuwa mbaya. Farasi wa mbegu za Knabstrupper na Noriker wanayo LP pia.

Kupima: ng'oa singa 20 hadi 30 na mizizi yake, usikate, mzizi ndio wenye DNA. Tia kwenye bahasha ya karatasi, maana plastiki na unyevu wetu huu wa pwani huozesha. Akithibitika ni LP/LP, akipanda jike asiye na LP, watoto wote watabeba nakala moja na usiku wataona. Jike mwenye nakala moja, nusu kwa nusu: nakala moja au mbili.

Tabibu_wa_Mifugo
Nyongeza, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: LP huongeza hatari ya uveitisi ya kujirudia, yaani uvimbe ndani ya jicho. Jicho linafumba, linatoa machozi, mboni inasinyaa, ukungu unatanda. Kila shambulio huacha kovu, mwisho mtoto wa jicho au upofu. Mwite daktari siku hiyohiyo. Msitie matone ya steroidi ya dukani au yaliyobaki bandani kabla jicho halijapakwa fluoreseini, rangi ya kuonyesha vidonda. Kama konea, kioo cha mbele ya jicho, ina kidonda, steroidi hukichimba hadi jicho litoboke. Kabla ya kulipa, dai apimwe gizani, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa.

Mpanda_Nyali
Ahsante sana, daktari. Mbegu za Haflinger au Rocky Mountain je?

Banda_Kisauni
Haflinger mwenye nakala mbili za hitilafu ya jeni DDB2 yuko hatarini kupata saratani kwenye ukingo wa konea, na jua huichochea. Kwa jua la huku, barakoa ya kuzuia miale kila mchana. Rocky Mountain muulizie jeni ya rangi ya fedha: nakala moja huleta vifuko vya maji ndani ya jicho, mbili huharibu konea na mboni. Farasi mwekundu anaweza kuibeba bila kuonekana, kwani hufifisha rangi nyeusi tu. Huyo naye apimwe.