Wakuu naomba ushauri, kompyuta ya bei poa ya kufanyia seva ya muvi nyumbani

kona_ya_segerea: Habari za jioni wakuu. Nina muvi na katuni za kutosha kwenye diski mbili, nimechoka kuchomoa flashi hapa kuchomeka kule. Nataka kompyuta moja ikae kwenye kona, niweke Jellyfin, ile programu ya kurushia muvi ndani ya nyumba, TV zivute kwa Wi-Fi. Kuna fundi Kariakoo ana deskitopu ya laki na nusu, je inafaa? Wenye matusi piteni kimya kimya, kichwa changu hakiko sawa.

Bibi Shughuli: Watoto wafundishe kusoma. Wangu walizoea katuni, sasa hivi hata ugali hauliwi mpaka TV iwake na baba yao anasema kosa langu.

fundi_nyaya: Prosesa gani mkuu? Laki na nusu peke yake haituambii kitu.

MtuWaPwani: Mimi nilifanya hivyo kwa kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi 4, ilikuwa tamu balaa, umeme ukawa unakatika unarudi unakatika, memori kadi ikafa na kila kitu. Nikarudi kwenye flashi, na ndoa ikatulia.

kona_ya_segerea: Ni Core 2 Duo, RAM 4. Fundi kasema ni ngumu kama jiwe.

fundi_nyaya: Ugumu wake ndio tatizo lako. Sikiliza, kama TV inaisoma video yenyewe, seva inatoa faili tu, hata hiyo kongwe itamudu na bando haliguswi maana vitu vinatembea humo humo ndani. Kasheshe inaanza TV ikikataa HEVC, ule mfumo wa kubana video, hapo seva inabidi iigeuze video papo hapo, na Core 2 Duo haina Quick Sync, ile sehemu ya prosesa ya kugeuzia video, Intel waliileta 2011. Utaona kiduara kinazunguka na feni inalia kama inataka kuruka. Tafuta kale kakompyuta kadogo ka ofisini, Core i3 au i5 kizazi cha 7, kanageuza hadi HEVC ya biti 10 na kakitulia kanakula kama wati 10. Hilo deskitopu likila wati 60 usiku na mchana, mwezi ni uniti 43 za LUKU. Halafu TV ziko ngapi?

kona_ya_segerea: Tano hivi.

Bibi Shughuli: Nyumba gani ina TV tano jamani, hoteli?

kona_ya_segerea: Haya basi. Kuna wapangaji hapa uani, kila mmoja atachangia elfu tano kwa mwezi, wengine wameshatoa na fundi nimeshamwachia kishika uchumba. Sio biashara, ni hela ya LUKU tu, msinielewe vibaya.

Wakili Msomi wa Mchongo: Ukishapokea elfu tano hiyo sio familia tena, ni kibanda umiza kisicho na benchi. Hizo muvi ni jasho la watu, COSOTA, wale wa hakimiliki, wapo kwa ajili hiyo. Jellyfin yenyewe ni bure na halali, mgogoro uko kwenye hayo mafaili na hiyo elfu tano.

kona_ya_segerea: Mbona mtaani wanajaziana flashi kwa mia tano tano na hakuna anayeulizwa?

dogo_janja_wa_zamani: Akichelewa kodi unamzimia sizoni kwenye epsodi ya mwisho, kesho asubuhi hela hii hapa 😂😂

Mzee Kumbukumbu: Ngojeni kwanza. Huyu si ndiye alileta uzi analala sebuleni kwa shemeji, ananyimwa rimoti? Leo ana wapangaji! Chai hii, tena haina sukari.

dogo_janja_wa_zamani: Nimeenda kuangalia, ni yeye kweli. Uzi upo 😂

kona_ya_segerea: Sio chai. Nyumba ni ya huyo huyo shemeji, amepata kazi Muscat, mimi ndio nasimamia.

Bibi Shughuli: Na shemeji anajua habari ya elfu tano?

kona_ya_segerea: Tusitoke nje ya mada wakuu. Fundi_nyaya, hako ka kizazi cha 7 kanaweza kupatikana kwa kuongezea kidogo juu ya kishika uchumba?