Mashine ya "kutambua vitambulisho feki" imepitisha kivuli cha pasipoti kilichotolewa kwa shilingi 1,000: nani mwingine wa Arusha au Moshi ameuziwa?

Wanajamvi, salaam.

Ninaendesha biashara ndogo ya kukodisha magari hapa Arusha, upande wa Sakina, na ninaandika nikiwa na hasira ambayo wiki mbili hazijaipooza. Mwezi uliopita nilinunua mashine iliyonadiwa kuwa inatambua vitambulisho feki kwa sekunde tatu, katika duka la vifaa vya ofisi mjini ambalo silitaji kwa kuwa bado ninalidai. Nililipa shilingi 1,850,000, nikapewa risiti ya EFD na maneno matamu. Siku ya tisa mashine hiyo iliwasha taa ya kijani kwa pasipoti ya mteja, nami nikamkabidhi ufunguo wa RAV4. Kifaa cha kufuatilia gari kilinyamaza jirani na Longido, katika barabara ya Namanga, na gari lilipatikana siku tatu baadaye likiwa halina betri, redio wala tairi la akiba.

Afisa aliyeikagua ile pasipoti, ambayo mteja aliniachia kama dhamana, hakuhitaji mashine yoyote. Alipitisha kidole gumba juu ya picha, akauinua ukurasa kuelekea dirishani, kisha akaniambia: "Kaka, kitabu ni halali. Picha ndiyo imebandikwa."

Nilirudi ofisini nikaanza kujiuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa: mashine hii inakagua nini hasa? Inasoma ile mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wa picha, yenye herufi na tarakimu 44 kila mmoja, kisha inahakikisha kwamba tarakimu za uhakiki, yaani zile zinazokokotolewa kutokana na herufi na tarakimu nyingine za mistari hiyo, zinalingana. Hesabu yenyewe mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza kwa kalamu. Mtu aliyezaliwa tarehe 15 Januari 1990 huandikwa 900115. Unazidisha tarakimu hizo kwa zamu na 7, 3, 1, kisha 7, 3, 1 tena, unajumlisha unapata 78, na kinachobaki ukigawa kwa 10, yaani 8, ndicho kinachochapwa mara baada ya tarehe hiyo. Kanuni hii iko wazi kwa kila mtu, akiwemo mghushi. Na huyu wangu hata hakuhangaika kukokotoa, kwa sababu mistari ilikuwa ya mwenye pasipoti halisi na haikuguswa.

Nilitaka kuwa na uhakika kabla ya kulalamika, hivyo nilikwenda steshenari nikatoa kivuli cha rangi cha ukurasa wa pasipoti yangu mwenyewe kwa shilingi 1,000. Nilikilaza kwenye kioo cha mashine. Taa ya kijani ikawaka, na kwenye skrini likatokea jina langu lote pamoja na neno HALALI. Nilirudia mara nne, nikamwita kijana wa kuosha magari awe shahidi.

Kisha nikaazima taa ya kukagulia noti, ile ya mwanga wa zambarau. Karatasi ya kawaida ikimulikwa na mwanga huo hung'aa kama shati jeupe lililotiwa buluu, ilhali karatasi ya pasipoti hubaki imefifia na kutoa tu michoro iliyofichwa humo. Tofauti ilionekana kwa jicho tupu ndani ya sekunde moja. Mashine yangu haina mwanga huo, ingawa kipeperushi chake kinataja "mianga mitatu". Nilipoifungua niliona taa nyeupe peke yake.

Linaloniuma zaidi ni chipu. Pasipoti ile ilikuwa na alama ya kijimstatili chenye duara katikati kwenye jalada, maana yake ina chipu, na ndani ya chipu mna picha ya mwenyewe pamoja na saini ya kidijitali ya nchi iliyoitoa. Ufunguo wa kuisoma hutokana na namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, yaani mambo yale yale ambayo mashine yangu ilikuwa imekwisha kuyasoma. Kama ingefungua chipu, ningeona sura ya mtu mwingine kabisa. Simu nyingi za siku hizi zinaweza kazi hiyo kwa programu inayofaa. Mashine ya karibu milioni mbili haiwezi.

Kwa kitambulisho cha taifa ni aibu tupu. Inasoma namba ya tarakimu 20, inatambua kuwa 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kisha inaridhika. Kijana anayesajili laini za simu chini ya mwavuli huchukua alama ya kidole na kupata jibu kutoka kanzidata ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Mashine yangu haimuulizi mtu yeyote.

Nilipompigia muuzaji alinijibu: "Bosi, mashine inasoma vizuri, tatizo ni wateja wako." Sikulipia kusoma, kwani kusoma ninajua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na kipeperushi chake ninacho. Zaidi ya hayo, nimegundua kwamba kila hati niliyoiskani imehifadhiwa kwenye seva ambayo hakuwahi kuniambia iko wapi, wakati tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na mimi ndiye nitakayeulizwa na wateja.

Jumatatu asubuhi ninarudi dukani na mashine, risiti na kile kivuli, nikilaze kwenye kioo mbele ya wateja wake. Aliyewahi kurudishiwa fedha katika mkasa wa aina hii anieleze alianzia wapi. Na mwenye mashine inayofungua chipu kweli, awe wa hapa au wa Moshi, aseme aliinunua kwa bei gani, na kama aliijaribu kwa kivuli kabla ya kulipa.