Kinyama cha ini kupitia mshipa wa shingo kwa mgonjwa mwenye chembe sahani chache

Dada Mkubwa:
Habari zenu. Mdogo wangu anaugua ugonjwa wa uloto kushindwa kuzalisha chembe za damu, na kwa miezi miwili sasa vimeng'enya vya ini lake vimekuwa vikipanda bila sababu kujulikana. Chembe sahani zake, zile zinazosaidia damu kuganda, ni 28,000 kwa kila maikrolita. Madaktari wanataka kuchukua kinyama cha ini, yaani kipande kidogo cha kupimwa, lakini sindano itapitia mshipa wa shingo badala ya ubavuni. Naomba kufahamishwa ni vipi njia ndefu hivyo iwe salama kuliko ile fupi, na iwapo kipimo chenyewe kina ulazima.

Tabibu wa Ini:
Dada, usalama wa njia hii unatokana na mahali damu inapokwenda. Sindano inayochomwa kati ya mbavu hutoboa utando unaolifunika ini, na tundu hilo likiendelea kuvuja, damu humwagikia tumboni. Ndiyo sababu madaktari wengi husita kuitumia chembe sahani zikiwa chini ya 50,000. Kwa njia ya shingo, mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa jugula, ukapita chumba cha juu cha kulia cha moyo na kushuka hadi kwenye mshipa unaotoa damu ndani ya ini. Kinyama hukatwa kutokea humo humo, na damu inayovuja hurudi kwenye mshipa ule ule. Hatari hazikosekani: moyo unaweza kudunda ovyo kwa muda mfupi mrija unapopita, na mara chache sindano hutoboa utando kutokea ndani.

Swali lako la pili ndilo zito. Homa ya ini inayotokana na virusi hutambuliwa kwa kupima damu, na madini ya chuma yaliyolimbikizana kwa mtu aliyeongezewa damu mara nyingi hupimwa kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Lakini kujua kama ini linadhuriwa na dawa au linashambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, mara nyingi hapana budi kukitazama kinyama kwa hadubini. Waulize madaktari wanatarajia kukuta nini, na wakikikuta watabadilisha tiba gani.

Mwenye Hemofilia:
Mimi chembe sahani zangu ni za kawaida. Ninachokosa ni faktari ya 8, protini inayosaidia damu kuganda. Niliambukizwa homa ya ini C utotoni kupitia dawa ya kugandisha damu, wakati ambapo dawa hizo zilikuwa bado hazijaanza kusafishwa kwa joto. Kabla ya kutolewa kinyama niliongezewa faktari hadi karibu asilimia 100, na nikaendelea kuchomwa kwa siku kadhaa baadaye, kwa kuwa damu inaweza kuanza kuvuja baada ya mgonjwa kudhani amepona. Siku hizi kiwango cha makovu ya ini kama yangu hukadiriwa kwa mashine ya kupima ugumu wa ini, ingawa mashine hiyo haisemi ugumu umetoka wapi.

Mtazama Hadubini:
Niongeze neno kutoka maabara. Vinyama vya njia ya shingo huwa vyembamba na hukatika vipande, kwa hiyo huhitajika kukata mara 3 au 4 ili tupate sehemu za kutosha kusoma. Na wasomaji wenye selimundu wasichukulie mambo ya hemofilia kuwa yao: wakati wa shambulio kali la ini, kuchoma ubavuni kumewahi kuua, hata kwa wagonjwa ambao vipimo vyao vya kuganda kwa damu havikuwa vibaya.

Dada Mkubwa:
Nashukuru sana. Je, aongezewe chembe sahani kwanza?

Tabibu wa Ini:
Kwa njia ya shingo si lazima kila mara, na kwa ugonjwa wa mdogo wako ningependa ziongezwe kwa uchache. Mwili unaopokea chembe sahani za watu wengi unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake, zikawa hazifanyi kazi siku atakapozihitaji kweli, na iwapo atapandikizwa uloto jambo hilo huleta matatizo zaidi. Daktari wake wa damu akiamua ziongezwe, ziingizwe karibu kabisa na muda wa kipimo, maana hazidumu mwilini kwa siku nyingi.