Tupeane uzoefu: sheria za jimbo lako hapa Marekani zimegusaje sufuria yako?

Mzee wa Nyarugusu (Iowa)
Ndugu zangu, tangu sheria ya Julai 4, 2025, mkimbizi ambaye hajapata grinkadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) hana fudistempu, ule msaada wa chakula wa serikali kuu, awe jimbo lolote. Hilo tumeshalilia. Nataka tusimuliane ya majimbo. Hapa Iowa, mwaka 2023 bunge la jimbo liliweka ukomo wa mali kwa anayetaka fudistempu, dola 15,000 kwa kaya. Nyumba unayoishi haihesabiwi, akiba ya benki inahesabiwa. Yaani ukijinyima ujiwekee kidogo, wanakuona tajiri! Tena tangu Januari 2026 kadi ya fudistempu haikubali soda wala pipi. Hilo silipingi, ila juzi dada mmoja mbele yangu dukani alikuwa anarudisha chupa moja moja huku foleni nzima inamtazama. Haya, mwageni, mtaje na jimbo.

Mama Furaha (Minnesota)
Kwetu sheria ya 2023 imetuokoa jamani. Shuleni mtoto anapata chai ya asubuhi na chakula cha mchana bure, awe wa daktari au wa mfagizi. Zamani barua za deni la chakula zilikuwa zinakuja ndani ya begi, mtoto anaificha asinione nimenuna. Kadi yangu ilipokatwa, nilibaki na hilo tu. Balaa ni wikendi na likizo, wanamaliza ugali na bado wanakwangua sufuria.

Kijana wa Uvira (Kentucky)
Baba ana miaka 61, grinkadi anayo. Ofisi ya fudistempu ikamwandikia alete ushahidi wa masaa 80 ya kazi kwa mwezi. Kazi anayo, anafagia ghala usiku, ila masaa anapanga bosi! Barua yenyewe Kiingereza kitupu, ikakaa juu ya friji mpaka tarehe ikapita.

Mzee wa Nyarugusu
Pole sana. Hiyo si ya Kentucky, imetoka serikali kuu, Washington. Zamani sharti hilo la kazi lilikuwa linaishia miaka 54, sasa mpaka 64. Kama mgongo unamsumbua, daktari aandike kwamba hawezi kazi. Hiyo inakubalika.

Dada Riziki (Maine)
Huku chakula cha shuleni ni bure tangu 2022. Wenye mimba na wenye watoto chini ya miaka mitano, ombeni WIC, msaada wa chakula wa akina mama na watoto wadogo, huko hawaulizi grinkadi.

Mama Furaha
Mwenye kujua ya Ohio? Mama mdogo anahamia Columbus na watoto wanne.