Tupeane uzoefu: kabla ya "jina la ukoo", kwenu mtu alijulikanaje?

Mwanapangani
Wakuu, leo nimetoka jasho. Nimempeleka bibi kuandikishwa kitambulisho. Karani kauliza jina la kwanza, bibi kajibu "Tatu". La pili? "Binti Shomari." La ukoo? Bibi kanitazama mimi, kamtazama karani, kasema: "Ukoo wangu ni watu, baba, si jina. Nikutajie wangapi?" Foleni nzima ikaangua kicheko.

Kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Tatu kwa kuwa ni wa tatu kuzaliwa, binti Shomari kwa kuwa baba yake ni Shomari. Na kwa vile mtaani akina Tatu walijaa, yeye alikuwa Tatu wa Kisimani, nyumba yao ilipakana na kisima. Kwenu ilikuwaje?

Kitumbua_Moto
Pwani yote ni bin na binti. Ukibanwa sana unaongeza bin ya babu.

Ja_Nyanza
Sisi Wajaluo saa uliyozaliwa inatosha. Omondi wa alfajiri, Onyango jua likipanda, Odhiambo jioni, Otieno usiku, Okoth mvua ikinyesha. Msichana weka A mahali pa O. Shida ni kwamba usiku tunazaliwa wengi, darasani kwetu Otieno walikuwa watano. Watu wazima waliwatenganisha kwa mama zao: Otieno wa nyar Alego (binti wa Alego), Otieno wa nyar Gem, yaani mama alitoka wapi kabla ya kuolewa. Huyo mama mwenyewe jina lake halisi hatukuwahi kulisikia.

mama_wawili
Hapo kwa mama umenigusa. Mimi jina la mama yangu nimelijua niko darasa la sita, nilipoambiwa nijaze fomu. Nyumbani alikuwa Mama Asha tu, hata baba alimwita hivyo, na mimi wala si Asha.

Mzalendo_Kindakindaki
Haya ya ukoo kaleta mkoloni ili apate kodi. Wajerumani walipoanza kodi ya kibanda 1898 ilibidi wajue kibanda ni cha nani. Kenya ndiyo usiseme, mwanamume alitembea na kipande, kile kitambulisho cha kazi, kwenye kibati shingoni kama mbuzi wa mnadani. Waafrika hatukuwa na majina ya ukoo. Nukta.

Kihamba_Cha_Juu
Nukta weka kwenu. Massawe, Lyimo, Mushi, Kimaro ni koo za Wachaga tangu enzi za Mangi, machifu wetu. Mjerumani katukuta nazo.

Mzalendo_Kindakindaki
Zilikuwa koo, hazikuwa majina ya kuitana. Babu yako mgombani aliitwa Mushi?

Kihamba_Cha_Juu
...

Kihamba_Cha_Juu
Sawa, aliitwa kwa jina lake na la baba yake. Ungeita "Mushi!" pale kwetu wangegeuka watu wa vihamba vyote, yaani mashamba ya nyumbani, mpaka mtoni. Lakini koo tulikuwa nazo!

Mluguru_Mjini
Hata Nyerere si ukoo. Ni jina la baba yake, Chifu Nyerere Burito, kwa Kizanaki ni viwavi, alizaliwa mwaka wa viwavi. Mtoto akapewa Kambarage, shule na kanisa zikafuatia, leo wajukuu wote ni akina Nyerere. Kenyatta naye awali alijulikana kama Kamau wa Ngengi. "Kenyatta" limetokana na mkanda wa shanga.

Shija_Mdogo
Nilikuwa napita tu ila uzi huu umenitonesha kidonda.

Marehemu baba alizaliwa Usukumani, aliwafuata mapacha, kwa hiyo akawa Shija, hakuna aliyekaa kufikiria. Baba yake Ngolo. Alipokwenda kuomba kazi kwenye kinu cha pamba, karani kauliza jina, kasema Shija. Wa nani? Kajibu kwa Kisukuma, ng'wana Ngolo, yaani mtoto wa Ngolo. Karani, ambaye katoka kwingine, kaandika SHIJA MWANANGOLO. Baadaye kabatizwa, cheti cha kanisa kinasema Paulo Shija. Benki akafungua akaunti kwa Paulo Ngolo, kwa sababu aliambiwa jina la mwisho ni la baba. Kijijini ni Baba Mabula, basi. Kote huko hakudanganya mtu.

Amefariki 2009. Tunafuatilia mafao, mama, kaka Mabula na mimi. Bwana mmoja pale dirishani kapanga karatasi mezani, kavua miwani, kasema: "Hapa naona wanaume watatu. Leteni vyeti vitatu vya vifo." Mama alikuwa bado na kitambaa cha msiba kichwani. Alikaa chini pale pale kwenye sakafu, hakulia, akawa anarudia tu, "Nilizaa na mmoja."

Sisi watoto wenyewe tulikuwa ushahidi dhidi yetu. Kaka ni Mabula Paulo, mimi ni Shija kama jina la mwisho, dada ni Ngolo. Kila mwalimu aliandika alivyoamka. Tukaambiwa hatufanani hata kuwa ndugu.

Tulipokaribia kumaliza viapo, akajitokeza mama mwingine na watoto wanne, kutoka wilaya ya pili. Mume wake naye Shija, naye wa Ngolo, naye kafanya kazi kinuni...

Kitumbua_Moto
Weeee! Endelea!

Ja_Nyanza
Usitukate hapo jamani. Alikuwa mke wa pili?

Fundi_Redio
Chai hii. Tena ya tangawizi.

mama_wawili
@Fundi_Redio mtu anasimulia msiba wa baba yake, wewe unaleta chai. Kuwa na adabu.

Tukuyu_Baridi
Wakati tunamsubiri, kwetu Unyakyusa mke hataji jina la baba mkwe, ni mwiko mkubwa. Sasa nyumba ikaandikwa kwa jina la baba mkwe, na bibi yangu kaolewa humo. Hospitali anaulizwa "Mwa nani?", maana majina ya nyumba kwetu huanza na Mwa-, bibi kimya. Nesi akadhani ni kiziwi. Mwishowe bibi alimvuta mtoto wa jirani amtajie nesi jina hilo kwa niaba yake.

Mtu_wa_Ziwa
Nina shemeji Mrundi. Kwao hata leo kila mtoto anapewa jina lake, ndugu sita majina sita, hakuna linalofanana na la baba. Ushauri: tembea na vyeti vya kuzaliwa vya familia nzima.

Mluguru_Mjini
Ushauri wangu: shika majina matatu yale yale kila mahali, usibadili herufi.

Kitumbua_Moto
Mimi nasema andika yote uliyonayo, atakayechoka ni karani.

Kihamba_Cha_Juu
Badilini kwa kiapo mapema kabla mzee hajafa.

Tukuyu_Baridi
Thubutu umwambie mzee wangu akaapishwe jina. Atauliza unasubiri afe lini.

Shija_Mdogo
Nimerudi, umeme ulikatika. Hakuwa mke wa pili. Walikuwa Shija wawili kweli, kinu kimoja, wote wa akina Ngolo tofauti. Kazini walitofautishwa kwa Shija Mrefu na Shija wa Mizani, ila hilo halikuandikwa popote. Aliyetuokoa ni shangazi, hajui kusoma, kapanda basi toka kijijini na fimbo yake. Kasimama mbele ya hakimu kataja baba, babu, baba wa babu, mpaka mtu wa saba, na kila mmoja alizikwa wapi. Yule mama mwingine akaulizwa kama huo ndio ukoo wa mumewe. Akasema hapana, akaja kumshika mama mkono. Miaka miwili na miezi minne, wakuu.

Fundi_Redio
Samahani mkuu. Pole.

Kitumbua_Moto
Baba yako alikuwa yupi, Mrefu au wa Mizani?

Shija_Mdogo
Wa Mizani. Alikuwa mfupi sana.

Mwanapangani
Mrejesho: kwenye jina la ukoo karani kaandika SHOMARI, kwenye jina la pili SHOMARI tena. Bibi yangu rasmi ni Tatu Shomari Shomari. Anauliza huyo Shomari wa pili ni nani, maana yeye babu yake aliitwa Mbaruku.