Vipele vya shingo vimenishinda, nataka kuhamia mashine ya wembe mmoja. Nianzie wapi?

Kaka_wa_Umoja

Wadau, hamjambo. Kazi yangu ni ya mapokezi hotelini na ndevu hawataki kuziona, hata za jana. Shingo imeharibika: kipele juu ya kipele, vingine vina usaha, na chini ya kidevu ngozi imekuwa nyeusi na ngumu. Ndevu zangu ni za kipilipili, ukizikata zinajikunja zinarudi ndani. Nimetumia zile mashine za plastiki za kutupa, kisha nikahamia za nyembe tano, ambazo kichwa kimoja cha kubadilisha kinakula hela yangu ya chakula cha mchana. Sijaona nafuu.

Sasa nilipokuwa ocha, yaani kijijini, shangazi alinipa mashine ya marehemu babu. Ya chuma, nzito, ya kuweka wembe mmoja wenye makali pande mbili. Ukizungusha kitako cha mpini, juu panafunguka milango miwili. Imeganda sabuni ya miaka na ina madoa ya kijani, ila inafungua na kufunga.

Naomba ushauri: hii inatumika au ninunue mpya? Niweke wembe gani? Brashi na sabuni ya kuchapa povu ni lazima au ni mbwembwe za watu wa YouTube? Na kwa ngozi hii, nitapona au nitajichinja bure?

Fundi_Makali

Pole ndugu. Hiyo ya babu usiitupe. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kisha uisugue kwa mswaki mkuukuu, hasa kwenye bawaba za hiyo milango. Jik usiiguse, itakula nikeli ya juu. Madoa ya kijani yanatokana na shaba iliyo ndani, si ugonjwa. Ikishakauka weka wembe, funga, uitazame kutoka mbele: makali yajitokeze sawa kulia na kushoto. Ikiwa upande mmoja umetokeza zaidi au mlango mmoja haukai, ifanye kumbukumbu tu, utafute nyingine.

Ukinunua mpya, Merkur 34C ya Solingen, Ujerumani, ni ya upole na inadumu. Ila ni ya kuagiza na bei inauma. Za bei nafuu za vipande vitatu zinafanya kazi ileile. Mtu asikuambie lazima uanze na ya Mjerumani.

Sasa mkono. Kwanza oga, au kanda ndevu kwa kitambaa cha maji moto mpaka zilainike. Paka povu. Laza kichwa cha mashine shavuni huku mpini umetoka nje kabisa, wembe haugusi. Teremsha mpini pole pole mpaka usikie ndevu ya kwanza inakatika. Simama hapo hapo: ndio mwinuko wako, kama digrii 30 hivi kati ya wembe na ngozi. Usikandamize. Zile za plastiki zimetuzoesha kusukuma, hii ina uzito wake, mkono wako ni wa kuiongoza tu. Nyoa vipande vifupi, suuza, endelea.

Kinyozi_Kayole

Fundi amesema vizuri, lakini amerukia kunyoa kabla ya ngozi. Kaka, ukiwa na vipele vyenye usaha usipitishe wembe wowote hapo, wa babu wala wa Mjerumani. Acha kwanza shingo ipoe. Wateja wangu wenye shida hii nawapunguza kwa mashine ya umeme bila kugusa ngozi, nikiacha ndevu fupi za kama milimita moja. Ncha ikibaki nje haina pa kuingilia.

Zile nyembe tano ndizo zinazokuponza. Wembe wa kwanza unauvuta unywele, wa pili unaukata, ukiachiwa unazama chini ya ngozi. Ndevu iliyonyooka itatoka palepale. Ya kipilipili inapinda, inachoma ukuta wa ndani, mwili unaichukulia kama mwiba, kinavimba. Wembe mmoja hauvuti hivyo, ndiyo maana wengine wanapata nafuu. Siwezi kukuahidi kwamba wewe utapata.

Kazini waombe nafasi. Muone daktari wa ngozi, Hospitali ya Kenyatta wana kliniki, akuandikie barua. Na kama kuna kipele kinageuka donge gumu linalozidi kukua, hilo ni kovu la keloidi, acha kunyoa kabisa mpaka uonwe.

Mkuu_wa_Kinondoni

Wakuu, nipo Dar ila nafuatilia. Natumia Feather ya Kijapani, nashuka mara ya kwanza, mara ya pili napandisha kinyume. Shavu linateleza mpaka mke anauliza kulikoni. Jaribu hiyo, achana na waoga.

Kinyozi_Kayole

Mkuu, wewe una ndevu za kulala, usimponze mwenzako. Kinyume kwa shingo kama yake ni kurudi palepale alipokuwa. Na Feather ndio wembe mkali kuliko karibu zote unazoweza kununua. Mwanafunzi hapewi hiyo.

Mkuu_wa_Kinondoni

Basi yaishe, sijagombana na mtu 😂

Fundi_Makali

Nakubaliana na Kinyozi. Kaka, ukianza pita mara moja tu, kwa kufuata ndevu zinavyolala, na uridhike. Ukipapasa jioni ukute kamkwaruzo kidogo, ndiyo sawa, mgeni wa hoteli hakushiki shingo. Usivute ngozi kwa mkono wa pili ili ikaze, ukiiachia zile ncha zinazama.

Kujua zinavyolala: ziache zikue siku mbili tatu, pitisha kidole pande zote. Kunakoteleza ndiko zinakolala, kunakokwaruza ni kinyume. Kwenye mashavu karibu wote zinashuka. Shingoni ndipo penye vituko. Mimi upande wa kushoto zinapanda kuelekea sikio, chini ya koromeo zinazunguka. Chora uso kwenye karatasi utie mishale, ibandike kando ya kioo. Utacheka lakini itakusaidia kuliko wembe wowote wa bei.

Wembe: Nacet ya kioski inatosha kuanzia, au Astra ya kijani ukiipata. Nunua aina mbili tatu, chache chache, ngozi yako ndiyo itakayochagua. Ukianza kuhisi unavuta, utoe. Wengi wanapata mara tatu hadi tano kwa wembe mmoja, ila kwa hali yako ubadilishe mapema, ni pesa kidogo. Na usiupanguse kwa kitambaa, utauharibu makali na vidole vyako. Suuza, kung'uta, basi.

Mstaafu_wa_Railways

Vijana mnazungumzia vitu vya babu zenu kama vimetoka kiwandani wiki jana. King Camp Gillette alipata hataza yake Marekani mwaka 1904, na wembe ule wa pande mbili mpaka leo unaingia kwenye mashine za zamani na mpya. Hapo ndipo kampuni zilipokosa hela: mashine ukinunua umemalizana, na wembe kila kiwanda kinatengeneza. Ndio wakaja na vichwa vya plastiki vinavyoingia kwenye mpini wao peke yao. Wewe mwenye ya bure umekaa vizuri kuliko hao wa nyembe tano.

Ukhti_Eastleigh

Asalaam alaikum. Kaka, nunua shabu. Lile jiwe jeupe kama kipande cha barafu, huku kwetu lipo, na kwenye maduka ya Wahindi Ngara waambie fitkari. Ukimaliza kunyoa suuza kwa maji baridi, loweka jiwe, lipitishe taratibu kwenye shingo, subiri kidogo kisha suuza tena. Litakuwasha mahali ulipokandamiza, kwa hiyo siku hiyo hiyo unajua wapi mkono wako ulikuwa mzito. Mkato mdogo linafunga damu. Ndugu zangu Mombasa hawanyoi bila shabu. Baada yake paka mafuta mepesi yasiyo na manukato, zile dawa za kupaka baada ya kunyoa zenye spiriti waachie wenye ngozi ya mamba.

Brashi si lazima lakini inainua ndevu na povu linakuwa zito. Uliza imetengenezwa na nini. Nyingi za bei ya chini ni manyoya ya nguruwe, sisi tunachukua za nailoni, zinakauka haraka pia.

Kaka_wa_Umoja

Shukran sana wote. Kinyozi, nimekusikia, nimeweka mashine kabatini, kesho natafuta daktari. Ila swali: maji yetu ni ya borehole, ya chumvi. Sabuni ya kuogea yenyewe haitoi povu, inatoa utando mweupe. Sabuni ya kunyolea itafanya nini?

Fundi_Makali

Itakataa vilevile. Lakini maji ya povu ni kidogo mno, hayafiki nusu kikombe. Kinga ya mvua au chota kwenye lile dumu la kunywa, pasha, lowesha brashi, ikung'ute, zungusha juu ya sabuni kwa muda kuliko unavyodhani, ongeza maji tone kwa tone. Povu zuri halina mapovu makubwa, linang'aa na linateleza ukilisugua katikati ya vidole. Likikauka shavuni kabla hujalifikia, lilikosa maji. Kusuuza uso endelea na ya bomba.

Mama_Kayla

Naingilia hapa kama mwanamke, miguu yangu nanyoa na hiyo hiyo na sirudi nyuma. Nyembe zilizochakaa msizitupe kwenye jalala la nyumba. Ile mifuko ya taka inachanwa kwa mikono na watu wa jalala la Dandora wakitafuta chupa. Chukua kopo la maziwa, kata mstari juu kwa kisu, zitumbukize humo, likijaa uligongee mdomo. Na mashine asiazimwe mtu, hata ndugu.

Kaka_wa_Umoja

Sawa mama. La mwisho: mwezi ujao kazi inanipeleka Mombasa kwa ndege. Ninaweza kuibeba?

Mstaafu_wa_Railways

Mashine bila wembe, beba mkononi. Nyembe weka kwenye mzigo wa chini, la sivyo zitabaki kwenye pipa la JKIA. Au nunua pakiti ukishuka, kila duka la Mwembe Tayari wanazo.