Paneli yote imeshika 3+, binti ana sikoseli na Hb 4.6: nitaondoaje otoantibodi?

TyubuYaPwani:
Asalaam aleikum wataalamu wenzangu, na habari za jioni kwa wote. Niko benki ya damu kwenye maabara ya hospitali moja hapa Mombasa na tangu asubuhi kuna kesi imenikaba koo. Binti wa miaka 19 kutoka Kisauni, ana sikoseli, mamake kamleta hoi, macho manjano, Hb (kipimo cha wingi wa damu) 4.6. Grupu ni O pozitivu, hapo hapana shida. Nikaweka krosmechi (seramu yake na seli za mfuko) painti ya kwanza ikashika, ya pili ikashika, mpaka ya sita zote zinashika. Kuweka paneli (seli za majaribio zenye antijeni zinazojulikana) seli zote 11 zimeshikana kwa nguvu, 3+, kwenye hatua ya Kumbsi (seramu inayofichua antibodi ya IgG iliyoganda juu ya seli), otokontroli (seramu yake na seli zake) nayo 3+, DAT (Kumbsi ya moja kwa moja kwenye seli zake) pozitivu kwa IgG, komplementi hamna kitu. Kwenye joto la chumba tyubu ziko safi, nikasema labda ubaridi wa AC ndio umeshikisha paneli, nikaizima nikarudia, vilevile. Kwa hiyo si ya baridi, ni otoantibodi ya joto (antibodi inayoshika hata seli zake mwenyewe), inashika kila seli inayowekewa.

Ninachoogopa si hiyo, naogopa iliyojificha chini yake. Wagonjwa wa aina hii si wachache wanaokua na aloantibodi (antibodi dhidi ya seli za watu wengine) pia na huwezi kuiona maana hiyo ya juu imefunika kila kitu. Nataka kufanya adsopsheni kwa seli zake mwenyewe, nizivue IgG, nizirudishe kwenye seramu yake zinyonye ile otoantibodi, halafu niweke paneli upya. Lakini kemikali ya DTT hatuna kwa hivyo ZZAP (mchanganyiko wa DTT na kimeng'enya unaovua IgG) siwezi kutengeneza, nilicho nacho ni PEG tu, ile kemikali inayosaidia seli kunyonya antibodi. Faili linasema hajawahi kuongezwa damu hapa. Nianzie wapi jamani, daktari wa wodi kashanipigia mara nne.

Mama_Paneli:
Mwanangu, kabla hujashika pipeti, hilo neno "hapa" limenishtua. Hapa hajaongezwa, je kwengine? Seli za mchangiaji hukaa mwilini hata miezi mitatu na zaidi. Ukichukua damu yake leo ukaiita seli zake mwenyewe na kumbe mna za mtu mwengine ndani, zile ndizo zitakazonyonya hiyo aloantibodi unayoitafuta. Seramu itatoka safi, utafurahi, utatoa painti, na binti ataivunja yote. Shuka wodini sasa hivi. Na usimuulize mamake habari ya transfusheni, muulize kama amewahi kutundikiwa mfuko wa damu, popote pale.

TyubuYaPwani:
Nimeshuka. Mama Mungu akuweke. Wiki tano zilizopita walikwenda msibani kwa jamaa zao mbali na hapa, binti akazidiwa, akatundikiwa mifuko miwili kwenye hospitali ndogo huko, karatasi hawakupewa. Mamake ananambia "mbona hamkuniuliza". Nimekosa la kumjibu.

fundi_seli:
Basi seli zake mwenyewe sahau kabisa. Na muulize mamake jambo jengine, siku chache baada ya ile damu mkojo uligeuka rangi kama chai ya rangi? Hb sasa iko chini kuliko kabla ya kuongezwa? Kwa mtu wa sikoseli hayo yakiwepo daktari lazima ajue leo leo, kuna wakati damu mpya huzidisha kuvunjika badala ya kusaidia. Pia iangalie DAT kwa darubini, ukiona baadhi ya seli zimeshikana na nyengine zimelala basi huenda zilizovaa IgG ni za mchangiaji.

Sasa kazi yenyewe. Utafanya adsopsheni kwa seli za watu wengine. Vitabuni utaambiwa utafute seli za aina tatu za Rh, R1R1, R2R2 na rr, ili kila antijeni muhimu ya Rh ikosekane kwenye mojawapo. Huku kwetu utazitafuta mpaka kesho, wachangiaji wengi ni R0, aina nyengine ya Rh. Njia fupi ni kupata mchangiaji anayefanana na binti mwenyewe. Ukitumia PEG seli hazipitii kimeng'enya, kwa hivyo antijeni za K, Duffy na S ziko palepale na lazima uzilinganishe, pamoja na Rh na Kidd. Ungekua na ZZAP ingeziharibu hizo ukabaki kulinganisha Rh na Kidd tu.

TyubuYaPwani:
Nitajuaje aina yake na damu yake imechanganyika na ya watu?

Mama_Paneli:
Hapo sikoseli inakusaidia! Seli za SS (za sikoseli) zinastahimili maji yenye chumvi kidogo, za mchangiaji wa kawaida zinapasuka. Chukua selaini yako ya 0.9, fungu moja kwa mafungu mawili ya maji yaliyotoneshwa, upate 0.3. Osha seli zake humo, zungusha, mwaga, rudia mpaka maji ya juu yaache kuwa mekundu, halafu maliza kwa selaini ya kawaida. Kilichobaki ni chake. Rh pima kwa seramu za monoklono za IgM (antibodi za maabara zinazoshikisha seli bila Kumbsi), hizo hazisumbuliwi na IgG iliyoganda juu. Zile zinazohitaji Kumbsi kama Duffy, vua IgG kwanza kwa klorokwini, ndio, jamaa ya ile dawa ya malaria tuliyolishwa utotoni, ila hii ni ya maabara, haizidi saa mbili. Kisha rudia DAT, ikiwa bado inashika usiamini jibu lolote la Kumbsi.

fundi_seli:
Kwenye PEG weka seramu, seli na PEG ujazo sawasawa, dakika 15 kwa nyuzi 37. Na kitu kimoja watu hukosea: seli zikaushe! Zungusha kwa nguvu, fyonza selaini yote, chovya ncha ya karatasi laini juu mpaka isilowe tena. Selaini ikibaki inazimua seramu na antibodi dhaifu inapotea. Ukipima baadaye tumia matone manne ya mchanganyiko kwa tone moja la seli, usiongeze PEG tena. Jaribu kwanza na zilezile seli ulizonyonyeshea, zikishika bado otoantibodi imo, rudia. Na ujue antibodi ya antijeni ambayo karibu kila mtu anayo itanyonywa pia, hiyo hutaiona.

Dokta_wa_Zamu:
Naongezea kwa upande wa wodi. Msimngoje mgonjwa afe ndio krosmechi iwe safi. Akianza kushindwa kupumua au moyo ukilegea, tuongee, tunampa iliyo afadhali, polepole, mtu amekaa kitandani anamwangalia. Hali ikiruhusu, hizo saa chache za kunyonya ni haki yake.

TyubuYaPwani:
Saa saba usiku, narudi kuwaambia. Mkojo haukubadilika, alhamdulillahi. Baada ya kuosha kwa 0.3 mara sita hivi binti ametoka D+ C- E- c+ e+ (hizo ni za Rh), K-, Fy(a-b-) yaani hana Duffy, Jk(a+b-) ya Kidd, S-. Huku kwetu wengi hawana Duffy kama yeye, ndio maana malaria ya vivax hutupata kwa nadra, kwa hivyo kwenye mirija ya mifuko tuliyo nayo nilimpata anayefanana naye kwa kumi na mbili tu nilizopima. Mnyonyo wa kwanza ukashuka kutoka 3+ mpaka 1+, wa pili hamna kitu. Nikaweka paneli mkono unatetemeka. Seli nane kimya. Tatu zimeshika 2+, na zote tatu zina E.

Anti-E ilikua imelala humo humo. Nikatafuta painti za E- na K-, krosmechi na seramu iliyonyonywa haikushika.

Mama_Paneli:
Umefanya kazi mwanangu. Umeziwekea Kumbsi kontroli (seli zilizokwisha kuvaa IgG, kuhakikisha Kumbsi imefanya kazi) zile tyubu zilizolala?

TyubuYaPwani:
Zote, zote zimeshika ilivyotakiwa. Painti ya kwanza inaingia polepole, nesi yuko naye. Mamake nimempa kadi, nimeandika aina yake yote na "ANTI-E" kwa wino mwekundu, kaikunja ndani ya kitabu cha kliniki akakitia kwenye buibui. Kaniuliza kama akienda tena msibani aichukue. Nimemwambia hata akienda sokoni.